Gego la Obonyo wa Masufuria

Mimi hutengeneza masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni, na ukuta wa kibanda changu ndio ukuta wa kibanda cha Obonyo. Yeye hufua sufuria. Si hizi za kuchemshia chai ya watu wawili. Ni sufuria za shule na za matanga, ambazo mpishi hukoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe. Hapa kwetu Kariobangi, upande wa mafundi wa jua kali, Obonyo hupiga alumini karibu na sikio langu kutoka asubuhi mpaka jioni, nami hupiga bati karibu na lake, na mteja akitaka kuuliza bei hutuonyesha kwa vidole. Wageni wakipita hapa huziba masikio. Sisi tulishasahau kwamba kuna kelele.

Nawaambia haya mapema ili mnielewe ninaposema kwamba Obonyo, mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mwenye mabega ya kubeba mlango wa chuma peke yake, alikuwa hawezi kupiga mswaki.

Sisemi alikuwa hataki. Alikuwa hawezi. Nyuzi za mswaki wa plastiki zikigusa ufizi wake, anasema, huzisikia mpaka kisogoni, na vinyweleo vya mikono vinamsimama. Dawa ya meno humchoma ulimi kama pilipili. Na si mswaki tu. Shati likinunuliwa leo, kesho limekatwa kile kitambaa cha lebo cha shingoni, kwa sababu kinamkwaruza. Siku moja tulikuwa kwenye matanga ya jirani, mama mmoja akaanza kukwangua ukoko wa ugali kwa kijiko cha chuma, na Obonyo akainuka akaenda nyumbani bila kuaga wafiwa. Sufuria yenyewe aliifua yeye.

Siku moja nilimkabili. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kitu nisichokielewa huniwasha.

“Obonyo, unagonga chuma mchana kutwa. Sasa kamswaki ndiko kanakushinda?”

“Nyundo nashika mimi,” akanijibu. “Najua itatua wapi na saa ngapi. Hizo zingine zinanijia tu.”

Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu aliyekosa chakula cha mchana, nikarudi kwenye sanduku langu.

Basi meno yake aliyasafisha kwa kidole, chumvi na unga wa makaa. Kidole kina bidii lakini hakifiki pembeni, na huko pembeni, chini kushoto, gego moja likaanza kuoza. Akala upande wa kulia. Akaacha soda, kisha akaacha maji baridi. Chai akawa anaikunywa ameinamisha kichwa ili ipite mbali na jino. Hayo yote aliyavumilia bila kumwambia mtu, na pengine angeyavumilia mpaka leo, kama si Nerima.

Nerima hutuletea chai na mandazi saa nne. Wapo wanawake wengi wanaouza chai Kariobangi, lakini Nerima ndiye pekee ninayemjua anayeweza kuweka kikombe cha bati juu ya meza ya chuma kisilie. Obonyo aliliona hilo kabla ya kuona uso wake. Alianza kunywa vikombe viwili, kisha vitatu, na siku aliyofika vinne nikamwambia amwoe tu kabla figo hazijachoka.

Nerima alikuwa radhi. Baba yake ndiye aliyekuwa mlima. Mzee Nahashon alifanya kazi reli maisha yake yote, sasa amestaafu na anaishi Mbotela na mkewe, na ni mtu wa kushika desturi. Alipokubali hatimaye kumwona Obonyo, Nerima alikuja kibandani na habari hiyo, akaketi juu ya sanduku langu ambalo rangi haikuwa imekauka, na akatueleza kuhusu firigisi.

Kwao, watu wa Bungoma, kuku akichinjwa kwa mgeni, firigisi si nyama tu. Ni heshima ya mwanamume. Mwanamke haili, mtoto haili. Mgeni wa kiume akiletewa akaila mbele ya watu, basi amekubali nyumba na nyumba imemkubali. Akiikataa, kuku mzima amekwenda bure.

“Baba huwa anaangalia vile mtu anatafuna,” Nerima akasema. “Kuna mwingine alikuja mwaka juzi. Aliificha kwa tishu akaweka mfukoni, halafu akasema ilikuwa tamu sana. Baba akaona. Huyo hakumaliza hata chai.”

“Na mimi?” Obonyo akauliza, mkono shavuni.

“Wewe kula tu. Nataka unioe mimi, si firigisi.”

Alipoondoka, na rangi ya bluu nyuma ya sketi yake, Obonyo aliisukuma sufuria yake pembeni. Kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, jino halingeweza kutafuna kitu kigumu kama firigisi. La pili lilikuwa baya zaidi: hata zamani, jino likiwa zima, firigisi ilikuwa ikilia mdomoni mwake. Kila akiiuma, inatoa kasauti ka mpira kuvutwa juu ya kioo, na sauti hiyo humwingia mwilini akataka kuruka dirishani.

“Tuanze na jino,” nikasema. “Sauti tutaipigia kelele baadaye.”

Akapiga moyo konde, akaenda kwa daktari wa meno mmoja aliyekuwa juu ya duka, jina silisemi. Huko walimlaza kitini, wakamwashia taa machoni, wakampaka ufizini kitu chenye ladha ileile ya dawa ya meno, na daktari akajaribisha drili hewani kidogo, kuona kama inazunguka. Ilizunguka. Obonyo alikuwa ngazini kabla haijasimama.

Alikimbia na aproni ya karatasi kifuani, mnyororo wake shingoni, akakatiza soko zima hivyo. Mama mmoja alimsimamisha akamwuliza kama nyama ya mbuzi ipo. Alipofika kibandani hakuivua. Aliinama akafua sufuria mbili moja kwa moja, na mteja aliyemkuta akamsifu kwa usafi.

Hapo ndipo nilipoingilia. Mimi siamini kuna shida isiyotatuliwa kwa bati. Nilichukua vifuniko viwili vya sufuria ndogo, nikavibandika sponji ya godoro kwa ndani, nikaviunganisha kwa utepe wa chuma unaopita juu ya kichwa. Masikio yakafunikwa. Kwa ajili ya taa, nikamvisha miwani yangu nyeusi ya kuchomelea. Nilimtazama nikaona kazi nzuri. Nilimpigia kelele nyuma ya kichwa, hakugeuka.

Kosa ni kwamba nilimvisha kibandani badala ya kungoja tufike. Tulipopanda ngazi za yule daktari, askari wa mlangoni aliona jitu lenye vifuniko vya sufuria masikioni na macho meusi likija moja kwa moja, akaliambia lisimame. Jitu halikusikia. Akaliambia tena. Jitu likazidi kupanda, likinyoosha mkono kwa upole kumsalimia. Askari aliingia ndani akafunga mlango kwa komeo, na wagonjwa wakachungulia dirishani. Nilimtukana askari yule kwa Kikamba, na Obonyo akanitazama akitabasamu, akidhani tumekaribishwa.

Tukarudi kazini kila mtu na hasira zake, na siku ya kwenda kwa Mzee Nahashon ikizidi kukaribia.

Aliyetuokoa ni Fowsiya. Huyu ni mfanyabiashara wa Eastleigh, hununua sufuria zetu kwa jumla na kuzipeleka mbali nisikokujua. Ana mtoto mkubwa aitwaye Hamse, kwa hiyo tunamwita Mama Hamse. Alikuja kuchukua mzigo wake akamkuta Obonyo anakunywa chai.

“Wewe, mbona unakunywa chai kama kuku?” akamwuliza.

“Jino, Mama Hamse.”

“Umeenda kwa daktari?”

Nikamwambia tumeenda mara mbili, na mara zote mbili daktari amesalimika. Nilimsimulia yote. Nilitegemea atacheka, lakini aliketi, akavuta mtandio wake vizuri, akamtazama Obonyo kwa makini.

“Hamse wangu alikuwa hivyo,” akasema. “Ukimchana nywele analia kama umemkata. Watu wakaniambia nimchape. Sasa ni baba wa watoto, na nywele bado anajichana mwenyewe. Walahi, si ujinga. Mwili umeumbwa hivyo.”

Obonyo akaacha kunywa chai. Niliona kidevu chake kikicheza kidogo, nikageuka kutafuta misumari ambayo sikuihitaji.

Fowsiya alitoa kwenye mkoba wake mswaki wa mti, ule wanaouuza Waislamu nje ya misikiti, mpya kabisa. Akamfundisha: atafune ncha mpaka nyuzi ziwe laini, asitie dawa yoyote, asugue mwenyewe, kwa mwendo wake. Obonyo aliutia mdomoni akingoja uchungu. Uchungu haukuja.

“Hauna ile ladha,” akasema. “Haunikwaruzi. Na naushika mimi.”

Kuanzia siku hiyo mswaki ulimwota mdomoni. Alifua sufuria nao, akatembea nao, akaulizia bei ya alumini nao. Jumatano mchungaji wake alipita karibu na vibanda akamwona, akasimama, akazunguka kibanda, kisha akamwuliza kwa upole mwingi kama kuna jambo ambalo angependa kuliambia kanisa. Obonyo akamjibu ni jino tu. Mchungaji akasema amesikia, lakini Jumapili aliimba wimbo wa kondoo aliyepotea akimtazama yeye.

Lakini mswaki hauzibi shimo. Fowsiya mwenyewe alisema hivyo. Akatuelekeza kwa Filsan, mtoto wa dada yake, daktari wa meno mwenye chumba chake Eastleigh, nyuma ya maduka ya vitambaa. Ndiye anayemtibu Hamse.

Nilifunga kibanda nikampeleka, maana nilijua akienda peke yake atapotelea njiani kwa makusudi. Filsan alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, na chumba chake hakikunuka kitu. Pazia lilikuwa limevutwa nusu. Hakumwambia Obonyo alale. Alivuta kistuli akaketi chini kuliko yeye.

“Ni nini kinakusumbua zaidi?” akamwuliza. “Sauti, mwanga, harufu, ama kuguswa?”

Obonyo alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo kwa mara ya kwanza analijua.

“Zote,” akasema. “Lakini sauti ndiyo kubwa.”

Basi Filsan akamwonyesha kanyagio la kile kiti, akamwambia akipandishe na kukishusha mwenyewe mpaka akizoee. Obonyo akapanda. Akashuka. Akapanda tena, akalala kidogo, akaketi. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nikihesabu masanduku ambayo ningekuwa nimeyamaliza.

“Daktari,” nikasema, “tumefunga kazi tuje kubembea?”

“Leo hatugusi jino, mzee,” akanijibu bila kukasirika, jambo lililonikasirisha zaidi. “Leo anazoea.”

Alilitazama tu lile gego kwa kioo kidogo, na kioo alikishika Obonyo. Akasema shimo halijafika kwenye mshipa, hiyo ni bahati, kwa hiyo drili si lazima. Angekwangua uozo kwa vijiko vidogo vya chuma, kwa mkono, polepole. Kisha angepaka dawa yenye madini ya fedha ya kuzuia uozo usiendelee, halafu azibe. Ila akamtahadharisha kwamba dawa hiyo huacha alama nyeusi isiyotoka.

“Fedha kabisa?” Obonyo akauliza. Mtu wa alumini, mtajie fedha, uone macho yake.

Tukarudi wiki iliyofuata. Filsan alimwekea kifuani ile aproni nzito ya kukingia eksirei, kwa sababu Hamse humwambia uzito humtuliza. Kweli Obonyo alishusha pumzi akasema angeweza kulala. Miwani ya jua akavaa, ya kawaida safari hii. Wakakubaliana kwamba akiinua mkono, kila kitu kinasimama. Filsan akaingiza kijiko, akakwangua mara moja.

Mkono ukainuka. Kiti chote kiliinuka nao.

“Haiumi,” Obonyo akasema huku jasho likimtoka. “Inanijia tu. Sijui itakuja saa ngapi.”

Wakajaribu kuhesabu moja, mbili, tatu. Mkono ukainuka kwenye mbili. Filsan akamwambia hakuna haraka, wanaweza kuja siku nyingine. Lakini Jumamosi ya Mbotela ilikuwa wiki hiyohiyo, na Obonyo alijua. Aliufunga mdomo wake, akakodolea dari macho, na mara akaniita.

“Ngui, nigongee.”

Nilielewa papo hapo, na nitawaeleza nanyi. Sufuria ikiwa kubwa mno, mtu mmoja hawezi kuifua. Tunaifua wawili. Mmoja anaongoza kwa nyundo yake, na mwenzake anatia yake kwenye mwanya, wala hamna anayehesabu. Mkono unajua. Nimeshafua sufuria na Obonyo tukiwa tunazungumza siasa, na nyundo hazijawahi kugongana. Kwetu tunaita kupokezana.

Palikuwa na bakuli la chuma mezani. Nililipindua juu ya goti langu, nikachukua mpini wa kioo kimoja, nikaanza: ngo, ngo, ngo, mwendo uleule wa Kariobangi. Bega la Obonyo likashuka.

“Daktari, wewe ingia katikati,” akasema. “Yeye akigonga, wewe unakwangua.”

Mara ya kwanza Filsan alichelewa. Mara ya pili aliwahi. Kisha akaupata, na nakwambia, kama msichana yule angeacha meno, ningemwajiri. Ngo, kwaru. Ngo, kwaru. Obonyo alilala pale na miwani yake ya jua kama mtu aliye likizoni, akitoa maagizo kila kijiko kilipotoka.

“Kaza, Ngui, kaza. Usilegee.”

“Fungua zaidi,” Filsan akasema.

“Piga, piga, inakubali hiyo.”

Uozo ukatoka wote. Fedha ikapakwa, shimo likazibwa, na mkono haukuinuka tena. Tulikuwa tumefurahi sana, na katika furaha hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba nje ya mlango palikuwa na benchi lililojaa wagonjwa.

Tulipofungua, benchi lilikuwa tupu. Mtoto alikuwa ameacha kiatu kimoja. Batulo, msichana wa mapokezi, alikuwa amesimama na simu mkononi akijaribu kuwarudisha watu, na alimtazama Obonyo juu mpaka chini akimtafuta damu.

“Daktari, mlikuwa mnamgonga na nini?” akauliza.

Alikuwa amebaki mzee mmoja tu, Abdiqadir, amekaa raha mustarehe na fimbo yake. Huyo masikio yalishamuaga siku nyingi. Alituuliza kama sasa ni zamu yake.

Obonyo alirudi Kariobangi na gego jeusi, na kila fundi alilazimika kuliona. Alikuwa anavuta shavu kwa kidole, anasimama juani ili waone vizuri, anasema hiyo ni fedha. Alikula mahindi ya kuchoma. Alikunywa soda baridi kwa upande wa kushoto na kufumba macho kwa utamu. Nilifikiri shida imekwisha.

Kisha Alhamisi akanunua firigisi kwa mama mmoja anayekaanga vichwa na miguu ya kuku, tufanye mazoezi. Akaiuma kwa jino lake jipya. Jino halikuuma hata kidogo. Lakini nilimwona anavyogeuka rangi, akaitema kiganjani.

“Bado inalia,” akasema.

Tulijaribu iliyochemshwa. Ikalia. Tulijaribu iliyokatwa vipande vidogo, na kila kipande kikalia peke yake. Alijaribu kuimeza nzima, nikampiga mgongoni mpaka ikatoka ikaruka ndani ya sanduku la mtu. Nerima aliposikia alitaka kwenda kumwambia baba yake ukweli. Obonyo akamkataza. Alisema ataonekana mtoto, na mwanamume hapelekewi habari zake na mchumba. Alimwambia angeila, hata kama angekufa akiila. Mimi nilimwamini, na ndiyo maana sikulala vizuri Ijumaa.

Wazee wake wa Siaya wangekuja siku ya mahari. Siku hii ya kujulikana alinichukua mimi. Tulivaa mashati ya kola tukaenda Mbotela. Mzee Nahashon alitupokea mlangoni, mrefu, amenyooka, mtu wa maneno machache anayefunika mdomo kwa mkono anapozungumza. Mama Nerima alitukaribisha kwa mikono miwili, akarudi jikoni. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na tulizungumza habari za mvua mpaka mvua ikatuishia.

Kuku akaja. Ugali ukaja. Halafu Mama Nerima akaleta sahani ndogo peke yake, na juu yake firigisi, imezungushiwa utumbo wake vizuri kama zawadi. Akaiweka mbele ya Obonyo. Wakati huohuo paka mnene wa njano alitoka uvunguni mwa kabati akaenda kuketi karibu na mguu wa Mzee Nahashon, akangoja.

Obonyo aliitazama sahani. Aliichukua firigisi, akaifikisha karibu na mdomo, na mkono ukagoma hapo. Nerima alikuwa mlangoni na jagi la maji. Nilianza kutafuta uongo wa kumsaidia, na mimi huwa sikosi, lakini siku hiyo nilikosa.

Akairudisha sahanini.

“Mzee, nisamehe,” akasema. “Sitaki kukudanganya nyumbani kwako. Hii kitu siwezi. Si kwa dharau. Inalia mdomoni mwangu, na hiyo sauti mwili wangu unaikataa. Nimejaribu tangu Alhamisi. Nampenda Nerima, na kama nyumba hii ni firigisi, basi nimeikosa.”

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Mzee Nahashon alikuwa bado anamtazama.

“Inalia,” mzee akasema polepole. “Unaisikia?”

“Naisikia, baba.”

“Kama mpira kwenye kioo?”

Obonyo akaitikia kwa kichwa. Mzee aliuondoa mkono mdomoni. Ndani mlikuwa na meno ya kuhesabika, na hayo yenyewe yalikuwa yameegemeana.

“Mimi mama yangu alinichapa kwa kukimbia sauti kama hiyo,” akasema. “Na mswaki pia. Wakanichapa mpaka nikajifunza kunyamaza. Nimefika umri huu nikidhani niko peke yangu.”

Mama Nerima alikuwa amesimama na taulo la kufutia mikono.

“Baba Nerima,” akasema, “na zote nilizokupikia?”

Mzee alitazama chini. Sote tukatazama chini. Paka alitutazama na yeye, akajilamba.

“Lakini yule kijana wa tishu ulimfukuza,” mkewe akamwambia.

“Nilimfukuza kwa sababu alisema ni tamu.”

“Wewe umeniambia ni tamu tangu tufunge ndoa,” Mama Nerima akasema.

Mzee alimgeukia Obonyo, akamwuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba mkewe hayupo, kama yule daktari wa meno aliyesikia habari zake kwa Nerima anakubali wazee, na kama ni kweli hamshiki mtu kwa nguvu. Obonyo akasogeza kiti karibu naye, akavuta shavu, akaanza kumwonyesha fedha yake.

Mama Nerima hakuwasikiliza. Aliichukua ile sahani ndogo akaketi nayo kwenye kiti chenye kitambaa, katikati ya wanaume.

“Mama alinifundisha kuisafisha,” akasema. “Kuichuna lile ganda la njano, kuizungushia utumbo, kuipeleka kwa mikono miwili. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na ladha yake siijui.” Akamtazama Obonyo. “Wewe lete wazee wako.”

Kisha akaitia firigisi mdomoni. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba hata mimi, mwenye masikio yaliyokufa kwa bati, niliisikia ikilia. Obonyo alishika mkono wa kiti mpaka kucha zikawa nyeupe. Mzee Nahashon alishika mkono wa Obonyo. Mama akafumba macho akatafuna polepole, na wala hakuna aliyemwambia aharakishe.